Krispi za mizizi katika oveni: kuanzia kumenya hadi kuhifadhi

Anayetaka kuoka krispi za viazi, karoti au mihogo nyumbani hana budi kuelewa jambo moja kabla hajashika kisu: kazi hii ni ya kukausha kwanza, kupika baadaye. Takriban asilimia 80 ya uzito wa kiazi mviringo ni maji, karoti na bitiruti hukaribia asilimia 88, na kipande hakiwezi kukatika kwa mlio mpaka karibu maji yote hayo yawe yametoka. Hatua zote zinazofuata, tangu unene wa kipande hadi nafasi iliyoachwa kwenye trei, zinalenga kuyatoa maji hayo kabla sukari iliyomo haijaungua. Maelekezo yanayotaja moto na dakika peke yake, bila kugusia maji, aghalabu humwachia mpishi krispi nyeusi pembeni na laini katikati.

Kwenye karai tatizo hili ni dogo, kwa sababu mafuta yenye joto la nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi hukizunguka kipande pande zote na kuyachemsha maji yake yakatoka kwa dakika chache. Hewa ya oveni hupitisha joto polepole zaidi hata ikiwa na nyuzi zilezile, kwa hiyo muda huongezeka na uvumilivu wa mpishi hupimwa. Kinachopatikana kwa uvumilivu huo ni kupungua kwa mafuta: krispi za kukaanga za viwandani huwa na mafuta yanayofikia takriban theluthi moja ya uzito wake, ilhali kwa njia itakayoelezwa hapa kijiko kimoja kikubwa kinatosha gramu 400 za vipande vibichi.

Kuchagua mizizi

Chagua mizizi migumu, isiyonywea wala kuchipua. Kiazi mviringo chenye rangi ya kijani kimepigwa na mwanga na kimejenga solanini, sumu ambayo haiondoki kwa kuokwa. Kijani kikiwa kidogo, kata sehemu hiyo kwa kina, na kikiwa kimeenea, kitupe kiazi chote. Viazi hivyo visihifadhiwe kwenye friji, kwa kuwa baridi hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na kiazi chenye sukari nyingi huwa cheusi katika oveni wakati katikati yake bado kuna maji. Mahali pakavu, penye giza na ubaridi wa kawaida, panafaa zaidi.

Viazi vitamu, karoti na bitiruti vina sukari nyingi kwa asili, na kwa sababu hiyo haviwezi kuwekwa kwenye moto uleule wa viazi mviringo. Kosa la kuvichanganya vyote kwenye trei moja ndilo linaloharibu shughuli mara nyingi zaidi kuliko jingine lolote, hata kama mchanganyiko wa rangi unapendeza macho. Oka kila aina peke yake, kisha uzichanganye kwenye bakuli siku ya kuliwa.

Mihogo na magimbi, ambayo wengine huyaita nduma, yanahitaji tahadhari ya pekee. Muhogo una kemikali ambazo hutoa sianidi tishu zake zinapokatwa au kusagwa, na mihogo michungu inazo kwa wingi usioweza kuondolewa kwa matayarisho mepesi ya jikoni. Kwa krispi tumia mihogo mitamu tu, imenye yote pamoja na lile ganda la ndani, na kamwe usiipeleke kwenye oveni ikiwa mibichi. Magimbi nayo yana chembe zenye ncha kali za kalisiamu oksaleti zinazowasha mikono na koo. Menya ukiwa umevaa glavu au umepaka mikono mafuta, na yachemshe kabla ya kuyaoka.

Vifaa

Oveni, trei mbili pana, karatasi ya kuokea, taulo safi za jikoni, mizani ya jikoni na kifaa cha kukatia vipande vyembamba vinatosha. Karatasi yenye nta isitumike mahali pa karatasi ya kuokea, kwani nta huyeyuka, na foili hunata kwenye bitiruti na viazi vitamu kiasi kwamba kuvibandua ni kuvivunja. Ukiwa na wavu wa chuma unaoweza kukaa juu ya trei, utumie, kwa sababu mvuke hutoka juu na chini kwa pamoja na hutahitaji kugeuza vipande. Trei nyeusi huunguza upande wa chini haraka kuliko trei inayong'aa. Anayetumia ya kwanza apunguze moto kwa nyuzi 10 hivi.

Hatua ya kwanza: kukata

Osha mizizi kwa brashi, menya, kisha kata vipande vyenye unene wa milimita 1.5 kwa viazi na milimita 2 kwa bitiruti na karoti, ambazo hunywea mno. Unene wenyewe unaweza kupungua au kuzidi kidogo bila madhara makubwa, lakini tofauti ya unene baina ya kipande na kipande haisameheki: cha milimita 1 kitakuwa kimeungua wakati jirani yake wa milimita 3 bado anatoa mvuke. Kwa hiyo kifaa cha kukatia chenye ubao na wembe kina thamani kubwa hapa, mradi ukitumie pamoja na kishikio chake, kwa kuwa wembe wake haubagui kati ya karoti na kidole. Asiye nacho atumie kisu kikali na akate taratibu, au atumie kisu cha kumenyea kutoa tepe ndefu za karoti na viazi vitamu. Tepe hizo ni nyembamba sana na zitahitaji karibu nusu ya muda utakaotajwa.

Karoti ikatwe kwa mshazari ili kila kipande kiwe kirefu cha umbo la yai. Duara dogo la karoti likikauka hubaki kitu cha ukubwa wa kifungo cha shati, na krispi ya namna hiyo haina faida kwa mlaji.

Njia rahisi ya kupima unene ni kukiinua kipande kuelekea dirishani. Kipande cha kiazi chenye unene unaofaa hupitisha mwanga kiasi cha kuonyesha kivuli cha kidole kilicho nyuma yake, na ukikikunja polepole hupinda kabla ya kuvunjika. Kikivunjika papo hapo, ni kinene.

Hatua ya pili: kutoa kile kinachoweza kutoka bila moto

Hapa njia zinaachana kulingana na aina ya mzizi, na ningependa msomaji asiiruke hatua hii hata akiwa na haraka, kwa sababu ndiyo inayotenganisha krispi na vipande vya mboga zilizookwa.

Viazi mviringo na viazi vitamu huloweshwa. Vitie vipande kwenye maji baridi mengi, vikoroge kwa mkono mpaka maji yawe meupe kwa wanga, yamwage, rudia mara nyingine, kisha uviache ndani ya maji masafi kwa nusu saa. Wanga wa juu ukibaki hugeuka gundi inayobandika vipande kimoja kwa kingine na kwenye karatasi. Maji hayo pia huondoa sehemu ya sukari, na jambo hilo lina uzito wa kiafya: mwaka 2002 watafiti wa Uswidi walitangaza kwamba vyakula vya wanga vinavyopikwa kwenye moto mkali hujenga akrilamidi, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani, ambayo hutokana na sukari na asidi ya amino iitwayo asparajini zinapokutana kwenye joto linalozidi nyuzi 120. Kulowesha hupunguza malighafi ya kemikali hiyo, na kuoka hadi rangi ya dhahabu badala ya kahawia hupunguza kujengeka kwake. Anayetaka viazi vyenye umbo thabiti zaidi avipitishe, baada ya kuvilowesha, kwenye maji yanayochemka yenye kijiko kikubwa kimoja cha siki kwa kila lita, kwa dakika mbili tu, kisha avichuje. Siki huzuia vipande visilainike na kumeguka.

Karoti na bitiruti hazina haja ya kuloweshwa, kwani hazina wanga wa kutosha kuleta matatizo. Hizi hutiwa chumvi. Nyunyiza nusu kijiko cha chai cha chumvi laini kwenye gramu 400 za vipande, changanya, viache kwenye chujio kwa dakika 15 hadi 20. Dakika chache baadaye utaona uso wa karoti uking'aa, kisha matone madogo yakijitokeza na kukusanyika chini ya bakuli. Hayo ni maji ambayo oveni haitalazimika kuyatoa tena. Kamua vipande kwa upole ndani ya taulo, na kumbuka kwamba tayari vina chumvi, usije ukaiongeza mwishoni kwa mazoea. Kwa bitiruti tumia taulo usiyoijali, maana rangi yake haitoki. Rangi hiyo inaweza pia kuonekana kesho yake chooni, na hilo halina madhara.

Mihogo hukatwa vipande vidogo vya sentimita chache, huloweshwa saa kadhaa, maji hayo humwagwa, kisha huchemshwa kwenye maji mapya mengi, sufuria ikiwa wazi, mpaka kisu kiingie lakini bado kipate ugumu kidogo katikati. Maji ya kuchemshia nayo hutupwa. Magimbi huchemshwa mazima au nusu nusu kwa kipimo hichohicho cha kisu. Vyote viwili huachwa vipoe kabisa, na ikiwezekana hulala kwenye friji usiku mmoja: wanga uliopikwa unapopoa hujikaza upya, na mzizi ambao jana ungemeguka mkononi leo hukatika vipande safi vya milimita 2. Hapa ndipo wengi hukosa subira, wakakata muhogo ungali na moto, wakaambulia uji.

Hatua ya tatu: kufuta na kupaka mafuta

Tandaza vipande juu ya taulo, funika kwa taulo nyingine, gandamiza kwa viganja. Kisha rudia kwa taulo kavu. Vipande vilivyofutwa vizuri havishikani tena na havitelezi mkononi. Maji yanayobaki juu ya kipande hugeuka mvuke ndani ya oveni, mvuke huo hupunguza joto la hewa na kuvipika vipande kwa mvuke badala ya kuvikausha.

Pima vipande hivyo kwenye mizani na uandike uzito. Namba hiyo itahitajika baadaye. Kisha vitie kwenye bakuli pana pamoja na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia yasiyo na harufu kwa kila gramu 400, na uchanganye kwa mikono mpaka kila uso ung'ae kidogo. Mafuta yakidimbwika chini ya bakuli yamezidi, na yakizidi kipande hulegea.

Hatua ya nne: kupanga na kuoka

Washa oveni mapema, angalau dakika 15 kabla. Panga vipande safu moja, visigusane, na usikubali kishawishi cha kujaza trei. Ni afadhali kuoka mara tatu kuliko kuoka mara moja na kurudia kazi yote. Trei mbili kwa pamoja zinafaa tu kwa oveni yenye feni, na hata hapo zibadilishane nafasi katikati ya muda. Moto uliotajwa hapa ni wa oveni isiyo na feni. Mwenye feni apunguze nyuzi 20.

Viazi mviringo huokwa kwa nyuzi 180 kwa dakika 20 hadi 25. Mihogo na magimbi yaliyochemshwa hutumia moto huohuo kwa dakika 25 hadi 30. Karoti na bitiruti zinahitaji nyuzi 150, karoti kwa dakika 25 hadi 35 na bitiruti kwa dakika 35 hadi 50. Viazi vitamu ndivyo vyenye ukaidi kuliko vyote: kwa nyuzi 180 huungua kabla ya kukauka, kwa hiyo vitie kwenye nyuzi 135 na uviache hadi saa moja au zaidi kidogo. Chukulia dakika hizi kuwa makadirio ya kuanzia. Oveni za nyumbani hutofautiana sana, na kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani kitakuonyesha kama namba iliyo kwenye kitufe chako ni ya kuaminika.

Nusu ya muda ikifika, fungua mlango na uache wingu la mvuke litoke, geuza vipande na uzungushe trei ili upande wa nyuma uje mbele. Tangu hapo uangalizi uongezeke. Mvuke unaotoka kila ufunguapo mlango hupungua, kingo za vipande huanza kujikunja, na povu dogo la mafuta juu ya kiazi hutulia. Povu hilo likiisha, maji yamekwisha, na kuanzia dakika hiyo joto lote linaingia kwenye rangi. Kipande kinaweza kuhama kutoka dhahabu hadi kahawia kwa muda wa kuosha vikombe viwili.

Vipande havitaiva kwa wakati mmoja, hata vikikatwa kwa mashine. Vya pembeni mwa trei hutangulia, na dawa yake ni kuviondoa kwa koleo kadiri vinavyokuwa tayari na kuvirudisha vilivyobaki. Ukiona rangi imekaribia kiasi unachotaka ilhali katikati bado pamelegea, shusha moto hadi nyuzi 110 na uweke mpini wa mwiko wa mbao kwenye mlango ili ubaki wazi kidogo, mradi maelekezo ya oveni yako hayakatazi. Unyevu utatoka na rangi haitasonga mbele sana.

Hatua ya tano: kujua kwamba zimekauka

Usihukumu krispi ikiwa bado na moto. Kipande chenye joto hupinda hata kama kimekauka, hasa cha karoti na bitiruti, kwa kuwa sukari yake ya moto ni laini na hukaza inapopoa. Toa vipande vichache, viweke juu ya wavu kwa dakika tatu, kisha uvunje kimoja.

Njia ya uhakika zaidi ni ile mizani. Kwa kuwa tunajua mzizi una maji kiasi gani, tunaweza kukadiria utakavyobaki: gramu 400 za viazi mviringo au viazi vitamu, vikishakauka barabara, hubaki karibu gramu 100 pamoja na mafuta yake, yaani robo. Karoti na bitiruti hushuka zaidi, hadi gramu 60 hivi. Hesabu hii inafaa kwa vilivyopimwa vikiwa vibichi. Mihogo na magimbi hubeba maji ya sufuria na namba zake hubadilika. Ukipima viazi vyako ukapata gramu 130, basi gramu 30 za maji bado zimo, na hakuna namna vitakavyobaki vikavu hadi jioni, hata kama kipande ulichokionja kimelia vizuri mdomoni. Virudishe ndani kwa nyuzi 110. Watu wengi huuliza kwa nini krispi zao zililainika baada ya saa mbili, nao hutupia lawama chombo au hali ya hewa, ilhali jibu mara nyingi lilikuwa kwenye mizani.

Kukoleza

Chumvi laini inyunyizwe mara tu trei inapotoka, mafuta yakiwa bado hai juu ya kipande. Ikichelewa itadondoka yote chini ya bakuli. Pilipili manga, pilipili ya unga, bizari nyembamba iliyosagwa na unga wa kitunguu saumu vitiwe wakati huohuo, si kabla ya kuoka, kwani kitunguu saumu cha unga huungua na kuwa kichungu. Maji ya ndimu yasitumike. Badala yake kwaruza ganda la ndimu, likaushe pembeni mwa oveni kwa dakika chache, lisage na chumvi. Binafsi naona bitiruti haihitaji zaidi ya chumvi na pilipili manga, na viazi vitamu hupata ladha nzuri kwa pilipili kali kidogo, kwa sababu utamu wake unahitaji kitu cha kuukabili.

Kuhifadhi

Acha krispi zipoe kabisa juu ya wavu, angalau nusu saa, kabla ya kuzifunika. Zikifungiwa na joto, mvuke mdogo uliobaki hugeuka maji kwenye kifuniko na kurudi kwenye vipande. Tumia kopo au mtungi unaobana vizuri, na utenge viazi na zile za karoti na bitiruti, kwa sababu sukari huvuta unyevu wa hewa na hizo ndizo zitakazolainika kwanza na kuziambukiza nyingine. Katika hali hiyo viazi hudumu siku nne au tano, karoti na bitiruti siku mbili au tatu.

Zilizolainika zirudishwe kwenye trei, safu moja, kwa nyuzi 120 na dakika tano hadi nane, kisha zipoe tena kwenye wavu kabla ya kuonjwa. Zilizoungua hazina tiba, ziondolewe mapema, kwani uchungu wake huenea kwenye bakuli zima. Zile zilizovunjika vipande vidogo visivyoshikika kwa vidole zinafaa kunyunyizwa juu ya supu nzito au kachumbari dakika ya mwisho, mezani, kabla hazijapata muda wa kunywa maji.